Kuchekesha Bila Kuchekwa: Kazi ya Randall Park

Asubuhi moja katika ofisi ya wauza karatasi mjini Scranton, Dwight anainua macho na kumkuta mtu asiyemjua amekaa kwenye meza ya mfanyakazi mwenzake Jim. Mgeni ana sura ya Kikorea, amevaa shati na tai, anafanya kazi kama mtu aliyekaa hapo miaka. Dwight anamwambia wazi: wewe si Jim, Jim si Mwasia. Mgeni hashtuki. Anamtazama kwa upole na kumpongeza kwamba siku zote hizo hakuwahi kuona rangi ya mtu. Kisha mambo yanamzidi Dwight. Mgeni anajua neno la siri la simu ya Jim. Anajua mauzo ya jana. Pam, mke wa Jim, anapita, anamkumbusha mgeni miadi ya chakula cha jioni na kumbusu. Picha ya familia iliyo juu ya meza inageuzwa, na humo yumo mgeni na Pam, na watoto wao wenye sura ya baba yao.

Kipande hicho cha dakika mbili hivi, mzaha ambao Jim na Pam wamempangia Dwight, kilifungua kipindi kimoja cha The Office, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani, mwezi Oktoba 2012, na mpaka leo watu wanatumiana kwenye simu. Wengi wanaotumiana hawalijui jina la mgeni yule. Anaitwa Randall Park. Wakati huo alikuwa na miaka 38, na alikuwa kwenye uigizaji tangu siku zake za chuo.

Mtazame tena kwa makini uone kicheko kinaangukia wapi. Hakimwangukii Mwasia. Park hafanyi lolote la ajabu, hapotoshi sauti wala uso. Anakaa tu, ametulia, na utulivu wake unamfanya Dwight aonekane anaanza kuchanganyikiwa. Kiswahili kina bahati hapa: kutoka kitenzi kimoja, cheka, tunapata kuchekesha na tunapata kuchekwa. Mzizi ni uleule, ila anayechekesha ameishika kazi mkononi mwake, na anayechekwa ameshikwa. Fundo lote la waigizaji wa vichekesho wenye asili ya Asia huko Marekani limo kati ya maneno hayo mawili, na sijaona anayelifungua kwa subira kama Park.

Lakini tuelewane kwanza kuhusu neno Mwasia. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ukilitamka, msikilizaji anamfikiria mtu mwenye asili ya India au Pakistan. Los Angeles neno hilohilo linamleta kwanza Mchina, Mkorea, Mjapani, Mfilipino, Mvietinamu. Na kule halikuota lenyewe. Mwaka 1968, mjini Berkeley, wanafunzi Yuji Ichioka na Emma Gee walikuwa wanaunda umoja wa kisiasa, wakataka jina litakalowakusanya watu ambao wazee wao walitoka nchi mbalimbali za Asia. Wakachagua kujiita Wamarekani wenye asili ya Asia, badala ya lile jina la zamani la watu wa Mashariki walilokuwa wamebandikwa na wengine. Ni jina la ushirika, la watu walioamua kusimama pamoja ingawa historia zao hazikuwa na upendo wowote. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na wajukuu wa pande zote mbili wakajikuta chini ya jina moja California. Ichioka baadaye alifundisha UCLA, chuo kilekile ambako Park alisoma, na ambako, baada ya shahada ya kwanza ya Kiingereza, alichukua shahada ya uzamili katika masomo ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Kwa hiyo tunayemzungumzia ni mchekeshaji aliyeisomea darasani historia ya namna watu wake walivyochekwa.

Historia hiyo haipendezi. Mwaka 1961, katika filamu ya Breakfast at Tiffany's, Mickey Rooney, mzungu, aliwekewa meno bandia yaliyochomoza ili aigize jirani Mjapani mwenye hasira. Mwaka 1984 ikaja Sixteen Candles na mwanafunzi wa kigeni aitwaye Long Duk Dong. Huyu angalau aliigizwa na mtu mwenye asili ya Japani, Gedde Watanabe, lakini kila jina lake lilipotajwa au yeye alipojitokeza, ukapigwa mlio wa gongo, ile sahani ya shaba ya Kiasia inayogongwa. Fikiria mtoto wa Kikorea wa miaka 10 pale Los Angeles, maana Park alizaliwa Machi 1974, anakwenda shule Jumatatu na wenzake wameshaiona filamu ile. Waigizaji wengi wa rika lake wamesimulia walivyoitwa jina hilo uwanjani.

Njia ya kutoka humo Park hakuipata Hollywood. Mwaka 1995, akiwa bado mwanafunzi UCLA, yeye na wenzake walianzisha kundi la maigizo wakaliita Lapu, the Coyote that Cares, kwa ufupi LCC. Hawakuomba ruhusa kwa idara ya sanaa wala hawakungoja mchezo wenye nafasi ya Mwasia. Waliandika wenyewe, wakaigiza wenyewe, wakawaita wanafunzi wenzao kutazama. Kundi hilo limeendelea kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi. Baadhi ya majina yatakayorudi hapa chini yalipitia hapo: Michael Golamco, mwandishi, na Ali Wong, aliyeingia miaka ya baadaye.

Ninalikazia kundi hili kwa sababu makala nyingi kuhusu Park zinalipita kwa sentensi moja, kana kwamba ni kumbukumbu tamu ya ujana. Mimi naona ndio msingi wa nyumba. Kwenye jukwaa ambalo kila mtu ni Mwasia, hakuna anayecheza "Mwasia". Mmoja ni mpenzi mwenye wivu, mwingine mwoga, wa tatu mlevi, wa nne bosi. Mwigizaji anajifunza kuchekesha kwa tabia ya mhusika, sura inabaki kuwa sura tu. Ukishaonja hivyo, ukienda kwenye usaili na kuambiwa ongeza lafudhi kidogo, unajua hasa unachonyimwa.

Na nafasi za usaili zilikuwa ndogo kweli. Daktari wa sekunde chache, mfanyakazi wa ofisini, mtu wa pili kutoka kushoto. Mwaka 2006 alionekana Wild 'N Out, kipindi cha Nick Cannon cha MTV. Pembeni akaendelea kutengeneza vitu vyake na marafiki, hasa kupitia Channel 101. Utaratibu wake ni huu: unaleta filamu yako isiyozidi dakika tano, watu wanaitazama ukumbini, wanapiga kura, na zilizoshinda tu ndizo zinazoruhusiwa kuleta sehemu ya pili mwezi unaofuata. Hakuna mshahara. Mwaka 2009 alikuwa mmoja wa waigizaji wa IKEA Heights, mchezo uliorekodiwa ndani ya duka la samani la IKEA huko Burbank bila wenye duka kujua. Vitanda na makochi ya maonyesho yakawa nyumba za wahusika, na wateja halisi wakipita nyuma na vikapu vyao. Park na wenzake wanagombana na kulia kwa uchungu wa mapenzi, huku nyuma yao vibandiko vya bei vinaning'inia kwenye taa.

Ule uso mtulivu uliomchanganya Dwight ulipikwa kwenye mazingira hayo. Ukiigiza katikati ya wateja wasiojua wewe ni nani, huwezi kupayuka. Unajifunza kusema neno la kipuuzi kwa sauti ya kawaida kabisa.

Sasa tufike kwenye miezi iliyombadilishia maisha, maana hapo ndipo fundo linapokaza. Desemba 2014 na Februari 2015 Marekani ilimwona Park katika sura mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni The Interview, ambamo aliigiza Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini. Novemba 2014 wadukuzi walivamia kompyuta za Sony na kumwaga nyaraka za kampuni, vitisho vikafuata dhidi ya majumba ya sinema, makampuni makubwa ya sinema yakajitoa, na Desemba 19 Shirika la Upelelezi la FBI likasema serikali ya Korea Kaskazini ndiyo inayohusika. Filamu ikatoka kwenye intaneti Desemba 24, na siku ya Krismasi katika majumba machache. Makelele yale yaliifunika kazi ya mwigizaji. Nafasi ile ilikuwa mtego uliotegwa wazi: dikteta wa Kiasia, mnene, katika filamu ya mizaha mizito ya wazungu wawili. Ingekuwa rahisi kuleta kikaragosi cha meno na kelele. Park alimfanya Kim awe kijana mwenye haya, anayemshabikia mtangazaji wa televisheni kutoka Marekani na kutamani awe rafiki yake, anayeona aibu kukiri kwamba anapenda nyimbo za Katy Perry. Unaanza kumwonea huruma kabla hujakumbuka ni nani. Filamu yenyewe siipendi sana. Ila yeye ndiye mtu pekee ndani yake anayekuacha na swali.

Ya pili ni Fresh Off the Boat, iliyoanza ABC tarehe 4 Februari 2015. Park ni Louis Huang, baba mwenye asili ya Taiwan anayeihamisha familia yake kutoka Washington hadi Orlando mwaka 1995 ili kufungua mkahawa wa nyama za kuchoma wa mtindo wa wachunga ng'ombe. Constance Wu ni mkewe Jessica. Kabla yao, televisheni kubwa za Marekani zilikuwa zimejaribu familia ya Kiasia katika All-American Girl ya Margaret Cho mwaka 1994. Cho ameeleza jinsi wakubwa walivyomwambia uso wake ni mnene mno, akajinyima chakula mpaka figo zikaleta shida. Vipindi 19, kisha ikafutwa. Na kwa miaka 20 mlango ukabaki umefungwa, kana kwamba jaribio moja lililoshindwa lilikuwa hukumu ya kabila zima.

Park alikuwa na mashaka mawili. La kwanza, yeye ni Mkorea na Louis ni mtu halisi wa Taiwan, baba mzazi wa Eddie Huang aliyeandika kitabu ambamo tamthilia ilichukuliwa. Park alimweleza Huang wasiwasi huo, na Huang akamtaka aendelee. La pili ni lafudhi. Park anaongea Kiingereza cha Los Angeles, mji aliozaliwa. Louis alihamia Marekani akiwa mkubwa, lazima ulimi wake uonyeshe. Kwa mwigizaji aliyekua na mlio wa gongo masikioni, lafudhi ni kidonda.

Nina kipimo changu cha kutofautisha lafudhi inayochekwa na lafudhi ya mtu anayeongea tu, nacho nimekipata kwa sababu vichekesho hivi navieleza kwa watu wa nyumbani kwa Kiswahili. Utani wa Long Duk Dong ukiutafsiri unakufa palepale. Ukiondoa matamshi na gongo, hakibaki kitu. Sasa chukua kipindi cha kwanza kabisa cha Fresh Off the Boat. Mkahawa hauna wateja. Louis anapata wazo: aajiri mzungu wa kupokea wageni mlangoni. Anamweleza mkewe kwamba mteja akiingia na kukuta uso wa Kichina atashangaa, alidhani amekuja mkahawa wa wachunga ng'ombe, lakini akikuta uso mweupe atasema, ah, habari rafiki mweupe, sasa nimetulia. Umecheka kwa Kiswahili, bila lafudhi yoyote. Utani umo kwenye akili ya Louis: ameisoma nchi aliyofikia vizuri kuliko inavyojisoma, na hana uchungu, anatafuta wateja tu.

Hata hivyo Huang hakuridhika. Alisimulia msimu wa kwanza kwa sauti yake mwenyewe, akajitoa, akasema hadharani kwamba hayaoni tena maisha yake humo. Na alikuwa na hoja. Kitabu chake kina baba anayepiga na nyumba yenye hofu. Televisheni ikamleta Louis mchangamfu, mwenye matumaini hata mambo yakiharibika. Ninamwelewa Huang. Mtu ameandika maumivu yake na anaona yamesafishwa na kupakwa rangi ya sherehe. Lakini pia naona kwa nini watengenezaji walitetemeka. Familia ya Kiasia kwenye skrini ilikuwa moja tu. Baba huyo angempiga mtoto, mamilioni ya watu wangesema, kumbe ndivyo walivyo. Baba mzungu mkatili kwenye tamthilia ni baba mkatili, basi, kwa kuwa ukibadilisha chaneli utakuta wengine 10 wapole. Louis hakuwa na wenzake wa kumgawia mzigo.

Tamthilia yenyewe ililijua hilo. Katika msimu wa pili kuna kipindi kiitwacho "Good Morning Orlando" ambacho ningemshauri yeyote aanze nacho. Louis anaalikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha televisheni ya mtaani. Anafurahi, anaigiza sauti za watu maarufu, watangazaji wanaangua kicheko. Anarudi nyumbani akiwa juu mawinguni na kumkuta Jessica amekunja uso. Watazamaji wale pengine hawajawahi kumwona Mchina mwingine kwenye televisheni, anamwambia, na wewe umekwenda kuwachezea. Jina la Long Duk Dong linatajwa sebuleni. Louis anarudi studio akiwa mzito, hataki mzaha, na hapo napo hafurahishi mtu. Atazame huku ni kikaragosi, atazame kule ni mtu mwenye kinyongo. Tazama uso wa Park wakati Louis anagundua kwamba hakuna namna ya kukaa kwenye kile kiti ikawa sawa. Tabasamu lipo bado, ila macho yameshaacha kutabasamu.

Tamthilia ilidumu misimu sita, vipindi 116, hadi Februari 2020. Katikati yake Park alipata kazi kubwa za Marvel kama wakala wa FBI Jimmy Woo, kuanzia Ant-Man and the Wasp ya 2018, kisha WandaVision ya 2021. Jimmy Woo ni mpole, mwadilifu, anayejifunza mazingaombwe ya karata. Anapendeza na watu wamempenda. Sina mengi zaidi ya kusema juu yake.

Kazi ya moyo ilikuwa kwingine. Mwaka 2016 Ali Wong, wakati huo mmoja wa waandishi wa Fresh Off the Boat, aliliambia jarida la The New Yorker kwamba yeye na Park wametamani kwa miaka mingi kutengeneza filamu yao ya mapenzi ya kuchekesha. Maneno hayo yakasambaa mtandaoni, watu wakaidai filamu ambayo bado haijaandikwa. Wakakaa chini na Golamco, wale watatu wa LCC, wakaandika Always Be My Maybe. Nahnatchka Khan, mtayarishaji mkuu wa Fresh Off the Boat, akaiongoza, na Netflix ikaitoa Mei 2019.

Park ni Marcus Kim, fundi wa viyoyozi pamoja na baba yake mjini San Francisco. Wong ni Sasha, mpishi maarufu, rafiki yake wa utotoni. Kuna tukio dogo mwanzoni linalonirudisha kila mara. Sasha mtoto yuko jikoni kwa mama yake Marcus, wanapika mchuzi wa kimchi, na majani ya kitunguu yanakatwa kwa mkasi. Kisu hakionekani. Mkorea yeyote aliyekulia nyumba ya aina hiyo anaujua mkasi wa jikoni. Hauchekeshi wala haujawekwa kama jambo la kigeni. Ni mkono wa mama unaokata majani juu ya sufuria, na baada ya mama huyo kufariki ndio mkono ambao Sasha atautafuta katika kila mkahawa atakaoufungua. Waandishi waliolelewa nje ya jiko hilo wasingejua kuuweka pale.

Jina la bendi ya Marcus nalo lina habari yake. Inaitwa Hello Peril. Limechezea msemo wa karne ya 19, "hatari ya manjano", kwa Kiingereza Yellow Peril, uliotumiwa kuwatisha wazungu kwamba watu wa Asia wanakuja kuwameza. Kwenye filamu hakuna anayelieleza. Wasomi wa historia wanaguna, wengine wanacheza muziki. Na Keanu Reeves, ambaye baba yake ana asili ya Kichina na Hawaii, anaingia akijiigiza mwenyewe kama mpenzi mpya wa Sasha anayekera kupita kiasi, na Park anapata nafasi ya kumtandika ngumi na kisha kuitungia wimbo.

Mwaka 2019 huohuo Park, Golamco na Hieu Ho walianzisha kampuni yao ya utayarishaji, Imminent Collision. Hapo akawa na uwezo wa kuchagua filamu ya kuiongoza mwenyewe. Mtu angetarajia mapenzi mengine matamu. Akachagua Shortcomings, kitabu cha katuni cha Adrian Tomine cha 2007 ambacho Park alikisoma kilipotoka na hakikumtoka. Tomine mwenyewe akaandika skripti, na Januari 2023 ikaonyeshwa tamasha la filamu la Sundance.

Mhusika wake mkuu, Ben, aliyeigizwa na Justin H. Min, ni Mmarekani mwenye asili ya Japani anayesimamia jumba la sinema huko Berkeley. Ni mtu mgumu kumpenda. Ana kinyongo, anawadharau watu, anamdanganya mpenzi wake Miko na kujidanganya mwenyewe kuhusu tamaa yake kwa wanawake wa kizungu. Rafiki yake pekee ni Alice, msagaji wa Kikorea mwenye ulimi mkali, na hata yeye anachoka naye. Kumbuka hofu iliyomfanya Louis Huang awe baba asiyekasirika. Miaka minane tu ilikuwa imepita, na hapa kuna Mwasia mwenye makosa yasiyofutika, anayebeba aibu yake peke yake bila kuwabebesha Waasia wote. Filamu haikujaza majumba ya sinema. Kwangu mimi ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya, na hayumo mbele ya kamera kama nyota.

Inaanza ndani ya ukumbi wa tamasha la filamu za Waasia, ambalo Miko anasaidia kuliandaa. Kwenye skrini inamalizika filamu yenye fahari na matajiri wa Kiasia, ya aina iliyovuma sana Marekani kuanzia 2018. Ukumbi unashangilia, Miko ana furaha, maana watu wake wamejiona kwenye skrini kubwa na si jambo dogo. Ben hashangilii. Kwake ile ni takataka iliyong'arishwa, na hawezi kunyamaza, wanaondoka wakibishana. Kila mmoja ana hoja, na Park, aliyejenga jina lake kwenye kazi zilizoshangiliwa hivyohivyo, anawaacha wote wawili waseme. Kisha kwa saa moja na nusu anamfuata yule ambaye hakupiga makofi.